Tango la Misri lilikuwa tikiti

Wana wa Israeli walipochoshwa na mana kule jangwani, walianza kuvitaja vyakula walivyoviacha Misri. Habari hiyo imo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, na wengi wetu tunaijua tangu utotoni: walilia samaki, matango, matikiti na vitunguu. Msikilizaji wangu Mwislamu naye ataikumbuka aya ya 61 ya Sura ya Al-Baqara, ambamo watu hao hao wanamtaka Nabii Musa awaombee kwa Mola wake vile vinavyooteshwa na ardhi. Humo nako, ukifungua tafsiri za Kiswahili, utayakuta matango.

Kuna jambo moja tu linalotatiza. Misri ya wakati huo haikuwa na matango.

Tango hili tunalolikata kwenye kachumbari asili yake ni Bara Hindi. Wataalamu waliolifuatilia katika maandishi na michoro ya kale, miongoni mwao Harry Paris wa Israel na Jules Janick wa Marekani, wamefikia kauli kwamba lilianza kuenea kuelekea magharibi, hadi nchi za Mediterania na Ulaya, kati ya mwaka 500 na mwaka 1300 baada ya Kristo. Musa alikuwa amekwisha kupita zamani sana. Basi kile kilichoitwa kishuim kwa Kiebrania, na ambacho Kiarabu hukiita kiththaa (maneno haya mawili ni ndugu wa damu), kilikuwa tunda jingine. Lilikuwa refu, la kijani hafifu, lenye mifereji ubavuni na manyoya laini linapokuwa changa, tena hujipinda kama nyoka. Huliwa bichi lingali changa. Wapalestina hulilima mpaka leo na kuliita fakkusi. Ndilo lile ambalo, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume Muhammad (S.A.W.) alionekana akilila pamoja na tende mbichi. Na kwa elimu ya mimea tunda hilo si tango hata kidogo. Ni tikiti.

Je, wafasiri wetu walikosea? Sithubutu kusema hivyo. Tunda hilo lina sura ya tango, hukatwa kama tango, na hukaa mahali pa tango katika sinia. Mfasiri angeandika "tikiti refu la kijani lenye manyoya", msomaji angebaki ameduwaa. Lakini hapo ndipo linapozuka swali ninalotaka tulizungumze leo: tunda lipewe jina kwa jinsi linavyoliwa, au kwa ukoo lilikotoka? Limewahangaisha watu wenye akili nyingi kwa muda wa miaka zaidi ya 250, na mwishoni utaona, msikilizaji, kwamba jina moja lililobandikwa vibaya liliificha Afrika kaskazini ikaonekana Afrika kusini.

Kwanza tukubaliane maneno, maana Kiswahili chetu kina uzito wake hapa. Tukisema tikiti, wengi huona lile kubwa lenye nyama nyekundu na maji tele, yaani tikiti maji. Lakini liko na lile jingine, dogo kiasi, lenye harufu nzuri na nyama ya rangi ya chungwa au ya kijani hafifu, ambalo madukani mijini siku hizi huitwa meloni. Haya mawili ni watu wa ukoo mmoja mpana, pamoja na boga, mumunye na kibuyu, lakini si ndugu wa karibu. Meloni yuko karibu zaidi na tango kuliko alivyo karibu na tikiti maji. Katika mazungumzo haya nikisema tikiti bila neno maji, nina maana ya hilo la manukato, ambalo wataalamu huliita Cucumis melo. Tikiti maji nitalitaja kwa jina lake kamili.

Wala tusidhani ni Kiswahili peke yake chenye mkanganyo huu. Waarabu wana neno batikhi. Ukilitaja Cairo utaletewa tikiti maji. Ukilitaja Baghdad utaletewa tikiti la manukato, kwa sababu huko tikiti maji huitwa raggi. Morocco vilevile batikhi ni la manukato, na tikiti maji ni dellaa. Ndugu zetu walioko Oman na nchi za Ghuba wamezoea kulisikia tikiti maji likiitwa jihi, na lile la manukato shamamu, jina lililotokana na kunusa. Mtu anayetaka kuagiza shehena kwa maneno tu, bila picha, na aagize kwa tahadhari.

Msweden Carl Linnaeus ndiye aliyejaribu kuumaliza mkanganyo wa namna hii kwa mimea yote duniani. Katika kitabu chake cha mwaka 1753 aliweka utaratibu wa kila mmea kuwa na majina mawili ya Kilatini, la kwanza la jamii na la pili la spishi, yaani aina yenyewe. Utaratibu huo tunao mpaka leo. Lakini kwa matikiti, katika kitabu hicho na vilivyofuata, Linnaeus aliyatenga mno. Tikiti la kawaida akaliita Cucumis melo. Lile linalojipinda kama nyoka akalipa spishi yake, Cucumis flexuosus. Lile la Wamisri akalifanya spishi nyingine, Cucumis chate, kwa kulichukua neno la Misri kama lilivyosikika masikioni mwa Wazungu. Kadogo kamoja kenye harufu kali, kanachowekwa chumbani kwa ajili ya kunukia, akakaita Cucumis dudaim. Neno dudaim lenyewe alilitoa katika kitabu cha Mwanzo, katika kisa cha Raheli na Lea, ambapo Biblia ya Kiswahili inasema tunguja. Kwa hiyo bwana mkubwa wa majina naye alilitwaa jina la tunda moja akalivika jingine.

Waliomfuata walizidisha. Kila msafiri aliyerudi Ulaya na mbegu ngeni alikuta mtaalamu aliye tayari kuzibatiza. Hadi katikati ya karne ya 19 majina ya spishi za matikiti yalikuwa yamerundikana kiasi kwamba mtu hakujua lipi ni lipi.

Ndipo anapoingia mtu ninayemhusudu katika habari hii yote. Jina lake ni Charles Naudin, Mfaransa aliyezaliwa Autun mwaka 1815. Alipatwa na ugonjwa wa neva uliomwacha kiziwi, na kwa sababu hiyo kazi ya kufundisha ikamshinda. (Mtu wa redio kama mimi asingekuwa na la kumwambia.) Akapata nafasi katika Makumbusho ya Taifa ya Elimu ya Viumbe mjini Paris, ambayo yana bustani kubwa, na huko akaamua kulichunguza suala la matikiti kwa njia ambayo wenzake hawakuwa wameijaribu kwa ukamilifu. Aliyalima.

Hebu fikiri uzito wa uamuzi huo. Desturi ilikuwa kuchunguza majani yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Sasa tikiti likikaushwa linabaki nini? Tunda lenyewe, ambalo ndilo watu wanalolilima na kulipa jina, haliwezi kubanwa kwenye karatasi. Naudin akaomba mbegu kutoka kila upande aliokuwa na rafiki au mwandikiani, akazipanda mwaka baada ya mwaka, mpaka mimea hai aliyoichunguza kwa macho yake ikapita 2,000. Akayaona matikiti madogo kama zambarau, na mengine yenye uzito wa kilo 30 hivi. Akayaona mekundu. Akaliona jembamba, lisilozidi upana wa vidole viwili, lakini refu kupita mita moja, likijisokota huku na huku. Liko lililofanana na tango nje na ndani hata ungeapa ni tango. Liko jingine, kutoka Algeria, ambalo likiiva hupasuka ghafla vipande vipande. Charles Darwin alivutiwa mno na habari hizi, akazitumia katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu wanyama na mimea inayofugwa na kulimwa na binadamu.

Lakini kuyatazama hakukumtosha. Naudin alichukua chavua ya moja akalipaka ua la jingine, kwa mkono, kisha akangoja. Lile la nyoka na lile la manukato, likazaa. La Misri na la Ufaransa, likazaa. Dudaimu na mengineyo, yakazaa. Tena mbegu za watoto hao nazo ziliota na kuzaa bila taabu. Alipochapisha matokeo yake mwaka 1859 alikuwa na jibu: spishi zote hizo zilizorundikana ni spishi moja tu. Tofauti za umbo, rangi, ukubwa na utamu ni kazi ya mikono ya wakulima na ya mahali. Kwa ajili ya kurahisisha mazungumzo aliyagawa katika makundi kumi: yale ya kantalupo yenye ngozi ngumu ya chunusi, yale yenye ngozi ya wavu, yale ya sukari, yale ya majira ya baridi yasiyo na harufu, yale ya nyoka, na kuendelea hadi yale ya mwituni. Lakini alieleza waziwazi kwamba makundi hayo huingiliana, na kwamba mipaka tunaiweka sisi.

Tango, kwa upande wake, lilikataa. Halikuzaa na tikiti lolote, hata lile lililofanana nalo kama pacha. Siku hizi tunajua sababu mojawapo: tango lina jozi 7 za kromosomu, tikiti lina jozi 12, na tikiti maji lina 11. Nalitaja hili kwa sababu iko imani, iliyoenea nchi nyingi, kwamba ukipanda tango karibu na tikiti, tikiti linapoteza utamu kwa kuchanganyika. La hasha. Tikiti lako likikosa utamu, uliza habari ya maji mengi wakati wa kuiva, au majani yaliyokufa kwa ugonjwa, au pupa ya kulichuma mapema. Tango limesingiziwa.

Na liko jambo jingine la Naudin linalomgusa mkulima wa hapa kwetu moja kwa moja. Baada ya matikiti aliendelea kuzalisha chotara za mimea mbalimbali, na katika kazi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1860 alieleza kwamba kizazi cha kwanza cha chotara hufanana chote kama askari kwenye gwaride, lakini kizazi cha pili hutawanyika: wengine humfuata babu, wengine bibi, wengine hawaeleweki. Hakupata kanuni ya hesabu iliyo nyuma yake. Hiyo aliipata mtawa Gregor Mendel, aliyesoma ripoti yake mwaka 1865. Sasa tazama pakiti ya mbegu za tikiti maji au za meloni dukani. Nyingi zimeandikwa F1 mbele ya jina. Maana yake ni kizazi cha kwanza cha chotara. Mkulima anayelipia pakiti hiyo fedha nyingi, akavuna matikiti mazuri yanayolingana, kisha akaziweka mbegu zake ili msimu ujao asinunue, anakutana shambani na kile kile alichokiona Naudin: moja dogo, moja refu, moja lisilo na ladha. Wengi hudhani wameuziwa mbegu mbovu, au wamelogwa. Herufi ile moja na tarakimu ile moja zilikuwa zimewaambia, ila hakuna aliyewafafanulia. Hapa nawalaumu wauzaji kuliko wakulima.

Wafanyabiashara kwa jumla ndio wanaonichekesha zaidi katika mambo ya majina. Kantalupo inasemekana ilipewa jina la Cantalupo, mahali karibu na Roma palipokuwa na shamba la mapapa. Kantalupo ya kweli ya Ulaya haina wavu mzito kwenye ngozi. Ile Wamarekani wanayoiita kwa jina hilo ina wavu kila mahali, na kwa hesabu ya Naudin ni mtu wa kundi jingine kabisa. Honeydew nayo, ambayo jina lake la Kiingereza lina asali na umande ndani yake, ni tikiti lililokuwa likilimwa kusini mwa Ufaransa na Algeria kwa jina la Antibes Nyeupe. Lilipovuka bahari mwanzoni mwa karne ya 20 likabatizwa upya, na bei ikapanda. Sadfa iliyoje: Naudin aliimalizia kazi yake ya utumishi katika bustani ya utafiti huko huko Antibes, na huko akafariki mwaka 1899.

Baada yake wataalamu waligawanyika pande mbili, wapasuaji na waunganishaji. Warusi, ambao Asia ya Kati iliwapa matikiti ya kila namna, walipasua, na mmoja wao, Pangalo, alifikia hatua ya kuyatoa matikiti katika jamii ya tango na kuyapa jamii yao wenyewe. Wamarekani kwa jumla waliunganisha. Mfaransa Michel Pitrat na wenzake wa Ujerumani walihesabu makundi 16 mwaka 2000. Mwaka 2016 Pitrat akafikisha 19. Ukiyatazama sana utaona bado yale kumi ya kiziwi wa Paris yamo ndani yake kama nguzo za nyumba.

Kilichobadilika kweli ni kuja kwa vinasaba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba matikiti yanayolimwa duniani yana mizizi miwili iliyotengana yapata miaka milioni 2 iliyopita. Mmoja ni wa Asia, na kutoka huo yametoka karibu yote yanayouzwa madukani. Wa pili ni wa Afrika, na wanawe wanalimwa katika ukanda wa Sudan. Mmojawapo ni tibishi, ambalo Wasudani hulila kama tango. Mwaka uliofuata, wachunguzi waliopima sampuli 1,175 walisema tikiti lilianza kulimwa mahali mara tatu mbalimbali: mara mbili India na mara moja Afrika. Kwa hiyo hata neno spishi moja la Naudin, ingawa ni kweli, lilikuwa limefunika wazee wawili ambao hawakuwahi kuonana.

Sasa nakuja kwenye tikiti maji, ambako kosa lilikuwa kubwa zaidi.

Mwanafunzi mmoja wa Linnaeus, Carl Peter Thunberg, alipita Rasi ya Tumaini Jema akielekea Japan. Mwaka 1773 alichuma huko mmea wenye manyoya laini, akaukausha, akaupeleka Uppsala. Mwaka 1794 akaupa jina lenye neno lanata, yaani wenye sufi. Karatasi hiyo ikakaa kabatini. Mwaka 1930 Mmarekani Liberty Hyde Bailey, bingwa wa mimea ya bustani, tena ndiye aliyebuni mwaka 1923 neno linalotumika duniani kote kwa aina zilizolimwa na binadamu, aliuhesabu mmea wa Thunberg kuwa ni tikiti maji letu la kawaida. Kanuni za majina zinasema jina la zamani lina haki kuliko la karibuni. Kwa kuwa Thunberg alitangulia, tikiti maji likavuliwa jina lake la Citrullus vulgaris, na vitabu vikaanza kuandika Citrullus lanatus.

Na jina halisafiri peke yake. Kila jina la mmea limefungwa kwenye karatasi moja, na karatasi ile ina mahali ilipochumwa. Mahali hapo palikuwa kusini mwa Afrika. Tena hadithi ilikuwa na shahidi mashuhuri, David Livingstone mwenyewe, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1857 alisimulia jinsi mvua ikinyesha vizuri jangwa la Kalahari hufunikwa na matikiti ya porini. Alieleza kwamba mengine ni matamu na mengine machungu, na sura ni moja, hivyo wenyeji hulitia kila moja alama ya shoka kisha wakaligusa kwa ulimi. Livingstone alisema alichokiona. Lakini vitabu vikaunganisha karatasi ya Uppsala na Kalahari ya Livingstone, vikahitimisha: nyumbani kwa tikiti maji ni kusini mwa Afrika. Kizazi hata kizazi kikasoma hivyo. Sisi wa vyumba vya habari tunaujua ugonjwa huu. Gazeti la kwanza likiandika, la pili hunakili, la tatu huandika "kama inavyofahamika".

Mwaka 2015 Guillaume Chomicki na Susanne Renner, waliokuwa Munich, walichapisha matokeo ya jambo ambalo hapo kabla halikuwezekana. Walichukua kipande kutoka kwenye karatasi ya Thunberg, iliyokuwa na umri wa miaka zaidi ya 240, wakasoma vinasaba vyake. Haikuwa tikiti maji. Ilikuwa jamaa yake mwenye nyama ngumu, ambaye hulimwa kwa kulishia mifugo na kupikia jemu, na ambaye jina lake jingine la Kilatini, amarus, maana yake ni mchungu. Tikiti maji letu lilikuwa limevaa jina la mwenzake kwa miaka mingi, na pamoja na jina likapewa nyumba ya mwenzake.

Ungetarajia jina libadilishwe tena. Halikubadilishwa, na naona walifanya busara. Fikiria pakiti za mbegu, sheria za forodha na vitabu vya shule katika nchi zote. Mabingwa wa majina, waliokutana Shenzhen, China, mwaka 2017, waliliacha jina la lanatus kwa tikiti maji, lakini wakalifunga kwenye karatasi nyingine, ya mmea ambao ni tikiti maji kweli. Mwizi akaruhusiwa kubaki na kanzu, ila hati ya nyumba ikarudishwa.

Imerudishwa wapi? Kwanza walitazama Afrika Magharibi, ambako kuna egusi, tikiti linalolimwa kwa ajili ya mbegu zake za mchuzi. Kisha mwaka 2021 kundi la Renner na wenzake likachapisha ramani kamili ya vinasaba vya tikiti la Kordofan, mkoa wa Sudan. Ni tikiti dogo kiasi, la mviringo, nyama yake nyeupe, halina uchungu, na huwafaa watu na wanyama kwa maji wakati wa kiangazi. Ndilo lililoonekana kuwa jamaa wa karibu kuliko yote wa tikiti maji tunalolila. Mrusi Ter-Avanesyan alikuwa amekwisha kuliandika na kulipa jina tangu mwaka 1966, lakini nani angemsikiliza, ilhali kila mtu alikuwa anatazama kusini? Na picha katika makaburi ya Misri, zenye umri wa miaka zaidi ya 4,000, zinaonyesha tunda refu lenye milia likiwa limewekwa juu ya sinia. Ukishuka kutoka Sudan kwa mto Nile, unafika kwenye sinia hiyo.

Faida ya kulijua hili si ya kujigamba tu. Tikiti maji la kisasa limechaguliwa kwa utamu na wekundu hadi likapoteza kinga nyingi za mababu zake. Anayetaka kurudisha kinga dhidi ya magonjwa au ukame huenda kwa jamaa wa porini na wa vijijini, na kwa muda mrefu wachunguzi waliotafuta wazee wa karibu wa zao hili walipelekwa na vitabu upande usio wake. Mbegu zilizotafutwa Kalahari zingeweza kutafutwa pia Kordofan, wakati Kordofan ilikuwa na amani.

Aprili 2023 vita vikaanza Sudan, na Kordofan ikawa miongoni mwa viwanja vyake. Hifadhi ya taifa ya mbegu za Sudan iko mji wa Wad Medani, katika mkoa wa Gezira. Desemba mwaka huo huo mji uliingia mikononi mwa wapiganaji wa RSF, na hifadhi ikaporwa. Jeshi la serikali liliurudisha mji Januari 2025. Mwezi uliofuata, masanduku ya mbegu kutoka Sudan, zikiwemo za mtama wa namna mbalimbali, yalipokelewa katika handaki la barafu la Svalbard, kaskazini mwa Norwei, yawekwe huko mpaka wenyewe watakapoyahitaji.